Betri ya drili imekufa, mota nzima: tuiendeshe kwa betri ya gari

Habari zenu, mafundi wenzangu. Hii mnayoiona mezani ni drili ya volti 12, ya zile za zamani. Unaichaji usiku kucha, asubuhi inakaza skrubu nne, kimya. Betri ya kubadilisha siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi, na ukiipata bei yake inakaribia drili nyingine. Lakini mota ni nzima, gia nzima. Kukitupa chombo kama hiki kunaniuma, ndiyo maana leo tunakiunganisha na betri ya gari.

Kabla hujafungua chochote, soma volti zilizoandikwa kwenye drili. Pakiti ya volti 12 ya nikeli-kadimi ina seli 10 ndani, kila moja volti 1.2. Betri ya gari iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.6, na injini ikiwaka inafika 14 na kidogo. Zinaivana. Drili ya 14.4 nayo itafanya kazi, ila taratibu kidogo. Ya 18 itazunguka kwa unyonge, mbao ngumu usiipe. Za lithiamu ziache: nyingi zina bodi inayowasiliana na betri yake, na pakiti yenyewe usiiunganishe kamwe na betri ya gari. Lori la volti 24 pia liogope, litaunguza mota.

Sasa chukua mita, pima pakiti kabla ya kuifungua. Hata ikiwa imechoka, mara nyingi bado ina volti kidogo za kukuonyesha chanya na hasi. Linganisha na alama zilizochorwa kwenye plastiki, kisha weka alama yako kwa kalamu ya wino mzito. Hapa usiwe na haraka. Swichi ya drili inayoongeza mwendo kadiri unavyobonyeza ina vifaa vya elektroniki ndani. Ukigeuza nyaya, umeme unapita humo moja kwa moja na swichi inaungua papo hapo.

Fungua skrubu za pakiti, toa seli zote, bakiza ganda na vile vibati vya shingoni vinavyogusana na drili. Seli usizipasue, usizichome moto, wala usizitupe jalalani. Kadimi ni sumu. Zifunge kwenye mfuko, wapelekee wanaokusanya betri chakavu.

Tuje kwenye waya, na hapa nitakaa kidogo. Mara ya kwanza nilitumia waya wa spika, bila fyuzi. Nilikuwa nakaza skrubu kwenye mninga, drili ikakwama, nami nikaendelea kubonyeza. Plastiki ya waya ililainika kiganjani mwangu, ikaanza kunuka. Drili ikifanya kazi nzito inaweza kuvuta ampea 20, na ikikwama inavuta zaidi ya hapo sana. Kwa ampea 20, waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 4 unapoteza karibu volti 2 kwenda na kurudi. Wa milimita za mraba 4 unapoteza kama 0.7 tu. Kwa hiyo nunua wa milimita za mraba 4, mwekundu na mweusi, wa nyuzi nyingi laini. Ule mgumu wa ukutani utakatika kwa kukunjwakunjwa.

Toboa tundu chini ya ganda, pitisha nyaya, piga fundo kwa ndani ili ukivuta, mvuto uishie kwenye fundo. Sugua vibati kwa msasa mpaka ving'ae, kisha choma risasi. Tazameni hapa kwa karibu: napasha kibati na waya kwanza, ndipo naleta risasi, nayo inatambaa yenyewe katikati ya nyuzi. Ikibaki kitone cha duara juu, haijashika. Usikawie, plastiki ya shingo ikiyeyuka kibati kinainama na hakitagusa tena.

Upande wa gari, funga vibanio vikubwa kama vya nyaya za kubusti. Kwenye waya mwekundu weka fyuzi ya ampea 30, isizidi kiganja kimoja kutoka kwenye betri. Tundu la sigara usilitumie, fyuzi yake ni ndogo.

Kuunganisha: mwekundu kwenye chanya kwanza, kisha mweusi kwenye chuma cha gari, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa hewa ya haidrojeni na cheche hapo ni hatari. Bonyeza kidogo... mnasikia? Sauti imejaa.

Pakiti ya zamani kama hii ilikuwa na ampea-saa 1.5 hivi, betri ya gari ya 70 ina zaidi ya mara 40 ya hiyo. Hata hivyo pima mara kwa mara. Ikitulia na kusoma 12.2, washa injini, maana betri ya gari haipendi kukaushwa, na jioni utahitaji kurudi nyumbani. Ukimaliza, toa mweusi kwanza, mwekundu baadaye.