Udongo, Mvua na Visima vya Dar es Salaam

Ndugu wasikilizaji, jiji hili limekaa hapa kwa sababu ya bandari, na bandari ni bonde la mto lililozama. Bahari ilipokuwa chini, mito ilichimba mabonde, ilipopanda, ikayajaza. Sultani Majid wa Zanzibar alilitumia umbo hilo alipoanza kujenga hapa miaka ya 1860.

Mvua hutujia mara mbili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Udongo wa kichanga huinywa upesi. Udongo wa mfinyanzi wa bonde la mto Msimbazi haunywi, ndiyo maana Jangwani hujaa maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40. Ni maisha ya watu hayo, na udongo wa pale haujabadilika.

Ninalotaka tulielewe vizuri leo ni visima. Karibu na pwani, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji hayo chini ya usawa huo. Hesabu hiyo hufanya kazi kinyume pia: ukishusha maji kwa nusu mita na kuyaacha hivyo, chumvi inaweza kupanda kama mita 20. Mtu akiona maji yamepungua, hununua pampu kubwa na kuchimba zaidi, yaani anaifuata chumvi ilipo. Afadhali pampu ndogo, saa chache, kisha kisima kipumzike. Fundi akichimba, mwambie aweke sampuli ya udongo ya kila mita, na asimame kabla ya kufika kwenye maji ya chumvi.

Kichanga hupitisha maji ya choo vilevile. Weka angalau mita 30 kati ya shimo la choo na kisima, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Kwenye mawe ya matumbawe, kama Msasani, hata umbali huo hautoshi kukutuliza, kwa sababu maji hupita kwenye nyufa bila kuchujwa. Pima chumvi mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajaanza, maji yakiwa chini. Kloridi, yaani sehemu ya chumvi inayopimwa majini, ikizidi miligramu 250 kwa lita, ulimi huanza kuisikia. Punguza saa za pampu siku hiyohiyo.