Namna ya Kulifanya Gitaa Lenye Tremolo Lirudi Kwenye Tyuni

Karibu, ndugu mtazamaji, katika karakana yangu hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Mezani nina gitaa la umeme la umbo la Stratocaster, modeli ya kampuni ya Fender, lililoletwa na mpigaji wa kwaya ambaye kila akibonyeza mkono wa tremolo, yaani kile kichuma cha kwenye daraja kinachopandisha na kushusha sauti, nyuzi hukataa kurudi kwenye sauti zake. Amekwisha kushauriwa anunue vikazio vipya vya nyuzi. Nimemwomba asubiri, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha vikazio vyote sita vya gitaa kama hili, nikapokea malipo, na wiki iliyofuata gitaa likarudi na ugonjwa uleule. Kikazio chenye meno mazima ni nadra kujilegeza. Mara nyingi uzi umekwama mahali fulani kati ya kikazio na daraja, yaani kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, na kazi yetu leo ni kupatafuta mahali hapo.

Anza kwa kupima. Tyuni nyuzi zote, bonyeza mkono mpaka nyuzi zilegee, uuachie taratibu, kisha usome tyuna, yaani kifaa cha kupimia sauti. Uzi uliopanda juu ya sauti yake umekwama upande wa kichwani: ulipolegea, sehemu iliyo nyuma ya kizingiti cha mwanzo wa shingo iliuvuta kidogo kuelekea kwenye kikazio, na mkono uliporudi, msuguano ukauzuia usiteleze kurejea ulikotoka. Sasa uvute uzi huohuo kwa kidole kama unayepiga solo, kisha uuache. Ukikuta umeshuka, ni msuguano uleule unaofanya kazi kwa upande wa pili. Dalili nyingine utaisikia unapozungusha kikazio: sauti haipandi, haipandi, halafu inaruka ghafla kwa mlio mdogo wa "ting", kama bisi inayogonga mfuniko wa sufuria.

Tuje kwenye kizingiti, yaani kile kipande cheupe cha mfupa au plastiki kilichopo mwanzo wa shingo, ambacho wengi hukiita nati. Legeza uzi wa nne, uutoe kwenye mfereji wake, na uangalie kwa karibu pamoja nami. Unaona vumbi jeusi lililoganda chini, na alama za msokoto wa uzi zilizojichora ukutani mwa mfereji? Gitaa hili lilitengenezwa kwa seti inayoanzia namba 9, yaani unene wa inchi 0.009, na mwenyewe akafunga inayoanzia namba 10 bila kupanua mifereji, kwa hiyo nyuzi zimebanwa pande zote mbili. Chukua kipande cha uzi wa zamani wenye msokoto, unaokaribiana na mfereji kwa unene, ukipitishe mbele na nyuma mara chache, ukikiinamisha kidogo kuelekea kichwani. Tunapanua kuta tu. Ukichimba chini, uzi utagusa freti ya kwanza, yaani kile chuma cha kwanza kinachokatiza shingo, na kuanza kukereza, na hapo utalazimika kununua kizingiti kipya. Baada ya kupangusa vumbi, paka risasi ya penseli laini, namba 2B inafaa sana, mpaka mfereji ung'ae. Risasi hiyo ni grafaiti, na uzi huteleza juu yake vizuri. Usitumie mafuta, kwa sababu huishia kukusanya uchafu.

Kichwani, kati ya kizingiti na vikazio, kuna kibati kidogo kinachokandamiza uzi wa kwanza na wa pili. Tangu Stratocaster ilipotoka mwaka 1954, kichwa chake hakikulazwa nyuma, hivyo nyuzi nyembamba zinazokwenda kwenye vikazio vya mbali zingepita juu ya kizingiti bila kukikandamiza vya kutosha. Kibati kinahitajika, lakini nacho kinasugua. Kifungue, ukilainishe upande wa chini kwa msasa mwembamba, upake penseli, ukirudishe. Vikazio ambavyo nguzo zake hupungua urefu kadiri zinavyokwenda mbali humwondolea mtu haja ya kibati hiki.

Wakati wa kufunga nyuzi, mizunguko miwili au mitatu inatosha, ikishuka chini kwa mpangilio bila kupandana. Kwa vikazio vyenye kufuli, pitisha uzi, ukaze kufuli, na mzunguko usiotimia mmoja unatosha. Kisha uvute kila uzi taratibu katikati, tyuni, uvute tena, mpaka usishuke. Watu wengi huiruka hatua hii halafu wanailaumu tremolo. (Jina hilo nalo lina kasoro: mkono huu hubadilisha sauti juu na chini, jambo ambalo kwa lugha ya muziki ni vibrato, lakini Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni iliyotoa Stratocaster, aliliita tremolo na jina likabaki.)

Kwenye daraja sitakaa sana. Ikiwa lako linashikwa na skrubu sita mbele, hakikisha hazijakazwa mpaka kulibana, kwa maana linapaswa kubembea. Nyuma, fungua kifuniko na urekebishe skrubu mbili zinazovuta springi mpaka mkia wa daraja uinuke kiasi cha milimita 3, ukityuni upya kila unapozungusha.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna jambo la ziada. Asubuhi ya Julai, nyuzi za chuma husinyaa kwa baridi na sauti hupanda. Kanisa likijaa watu na joto, zinashuka. Litoe gitaa kwenye mkoba nusu saa kabla ya ibada, na uliache lizoee chumba ndipo utyuni.

Sasa nabonyeza mkono, naachia. Uzi wa kwanza umerudi mahali pake, wa pili na wa tatu pia. Wa nne bado umepanda nywele moja. Naulegeza tena, na penseli inarudi kwenye mfereji.