Vitu vya Wakuba ndani ya chuo cha Hampton, na karatasi zinazovipa uzito

REHEMA: Karibuni tena jamani, leo tuko Virginia, Marekani, makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, na mi nataka tukae zaidi kwenye karatasi, yaani barua, madaftari, magazeti ya zamani ya chuo, maana ukisema makumbusho watu wanawaza vinyago tu basi.

JUMA: Sawa dada, ila anza na chuo chenyewe, wengi watakuwa hawakijui.

REHEMA: Hampton imeanza 1868, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeisha juzi tu, watu weusi ndo wametoka utumwani wana kiu ya kusoma. Mwanzilishi ni Samuel Chapman Armstrong, mzungu, kazaliwa Hawaii wazazi wake wakiwa wamisionari kule. Na makumbusho nayo ni ya 1868 hiyohiyo, chuo hata hakijasimama vizuri yeye anamwandikia mama yake Hawaii amtumie vitu vya kuwaonyesha wanafunzi darasani. Ndo maana inahesabiwa kuwa makumbusho kongwe kabisa ya Wamarekani weusi.

JUMA: Halafu ndo anaingia William Sheppard, mmisionari mweusi wa Marekani. Huyu bwana ananigusa sana aisee. Kazaliwa 1865 hukohuko Virginia, mwaka ambao vita vinaisha, kasoma Hampton, 1890 kanisa la Presbiteri likamtuma Kongo yeye na mzungu anaitwa Samuel Lapsley, wakafungua misheni Luebo, Kasai. Lapsley akafariki 1892. Mwaka huohuo Sheppard akaamua lazima afike mji mkuu wa Wakuba, watu wenye ufalme wao hukohuko Kasai, na mfalme wao alikuwa ameshatoa amri, yeyote atakayemwonyesha mgeni njia anauawa.

REHEMA: Waeleze ile ya mayai.

JUMA: Eeh! Sasa sikilizeni, alikuwa ameshajifunza lugha ya Wakuba. Akifika kijiji ananunua mayai, anakula mpaka yanaisha kijijini, halafu anatuma mtu wake akatafute mengine soko la mbele, na yeye anafuata nyuma nyuma, kijiji baada ya kijiji, hivohivo, kwa hiyo hakuna mtu aliyemwonyesha njia! Alipokuja kukamatwa na kupelekwa kwa mfalme, wakasema huyu si mgeni, huyu ni mfalme wetu wa zamani aliyekufa, amerudi. Akapokelewa kama mtu wa nyumbani.

REHEMA: Na huko ndo alipokusanya, vikombe vya mbao vya kuchonga, visu, vile vitambaa vya rafia, yaani nyuzi za majani ya mti wa jamii ya mitende, vyenye nakshi ambavyo mpaka leo ukiviona unasimama. 1893 akarudi likizo, akahutubia Hampton, na gazeti la chuo linaitwa Southern Workman, lilianza 1872, likaichapa ile hotuba. Baadaye, alipokuwa amerudi Marekani moja kwa moja, 1911 chuo kikanunua mkusanyiko wake. Sasa hapo kaka ndo hoja yangu. Kuna makumbusho mengi Ulaya kitu cha Kikongo kina lebo imeandikwa “Kongo” tu, nani kakitoa, lini, kwa njia gani, hamna, ni kama mtoto aliyeokotwa stendi, unamwona mzima lakini hajui kwao. Vya Hampton vina jina la aliyevileta, tunajua alipita wapi na mwaka gani, na maneno yake mwenyewe yamechapwa.

JUMA: Na huo mwaka una uzito wake. Maana miaka kama minane baada ya Sheppard kufika, majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa anaitawala Kongo, yakaingia mji uleule yakaupora. Kwa hiyo ukiona kitu cha Wakuba unataka kujua, hiki kilitoka kabla ya ule uporaji au ndani yake? Kilitolewa, kilinunuliwa, au kilinyang'anywa? Bila karatasi huwezi kujibu, utabaki unabahatisha.

REHEMA: Na usisahau Sheppard mwenyewe ndiye aliyetumwa na misheni 1899 kuchunguza mauaji yaliyofanywa na Wazappo Zap, wapiganaji wa Kiafrika waliokuwa wanatumiwa na serikali ya Leopold, akakuta mikono ya kulia imekatwa inakaushwa juu ya moto, akaihesabu moja moja, 81. Akaiandika. Baadaye akaandika tena kuhusu kampuni ya mpira ya Kasai, wakamshtaki kwa kuwachafua, kesi ikasikilizwa Leopoldville, Kinshasa ya leo, 1909, akashinda. Mtu huyuhuyu aliyekusanya vile vikombe, kalamu ileile.

JUMA: Ila dada mi nina jambo linaniuma. Karatasi ni zake yeye na za chuo. Vile vitambaa, kwa Wakuba wanaume ndo wanafuma, wanawake ndo wanatia nakshi, kazi ya siku nyingi sana ile, na majina ya hao akina mama hayakuwa yanaandikwa, watu waliokuwa wanakusanya enzi hizo hawakuwa na desturi hiyo. Tunamjua aliyebeba, hatumjui aliyeshona.

REHEMA: Kweli kabisa, na ndo maana mi nasema hizo nyaraka zisomwe na Wakuba wenyewe pia, siyo watafiti wa Marekani peke yao. Mtu wa Kasai akiona nakshi fulani anaweza kukwambia hii ni ya akina nani, inavaliwa msibani au kwenye shughuli gani, na hilo nalo liandikwe, liingie kwenye faili lilelile lenye jina la Sheppard.

JUMA: Na wale wanaopenda picha za kuchora, hapohapo Hampton kuna The Banjo Lesson ya Henry Ossawa Tanner, mchoraji mweusi wa Marekani, ya 1893, yule mzee anamfundisha mtoto kupiga banjo, ala ya nyuzi kama gitaa. Chuo kilipewa 1894, na jina la aliyetoa limetunzwa, Robert Ogden. Unaona, ya Tanner tunajua mchoraji, mwaka, mtoaji, kila kitu.

REHEMA: Basi ninyi mnaotusikiliza kutoka Kananga, Luebo, Mweka, kama nyumbani kuna mama au bibi anayejua kusoma nakshi za vitambaa vya rafia, mrekodini, hata kwa simu, mseme jina lake na kijiji chake, halafu mtutumie.