Vibanda vya Maji Vimeingia Mtoni

MUTUA: Kabla hatujaenda mbali, Achieng, kuna msikilizaji ameniuliza: kwa nini ahangaike kusakinisha QGIS, ile programu ya kutengeneza ramani, kwa amri, na kuna kitufe cha kubofya?

ACHIENG: Kitufe hakikumbuki. Mimi nikiandika amri naiweka kwenye faili, na kesho kutwa nikipewa laptopu nyingine naiendesha vile vile. Halafu amri unaweza kumtumia mtu kwa WhatsApp. Kitufe utamtumia vipi?

MUTUA: Picha kumi na mbili za skrini.

ACHIENG: Na ya saba haifunguki!

MUTUA: Haya, tuseme mtu ana Ubuntu badala ya Windows.

ACHIENG: `sudo apt install qgis`, basi. Lakini ajue anapewa toleo lililokuwepo Ubuntu yenyewe ilipotolewa. Ubuntu 22.04 itampa QGIS 3.22, na 24.04 itampa 3.34. Akitaka jipya zaidi, aongeze ghala la QGIS wenyewe pamoja na ufunguo wake. Hapo atachagua: toleo la kawaida au lile linalotunzwa muda mrefu, LTR. Kwa kazi ya kulipwa chukua LTR. Mapya waachie wenye nafasi.

MUTUA: Unasema hivyo kwa uchungu.

ACHIENG: Nilichomeka, Mutua! Asubuhi ya kuwaonyesha wateja ramani, niko ndani ya matatu Thika Road, natumia bando langu, nikapiga `sudo apt upgrade`, amri ya kusasisha programu zote. QGIS ikahamia toleo jingine. Kufika, programu-jalizi niliyoitegemea kuandika majina ya mitaa imegoma. Nikabaki nayasoma kwa mdomo kama makanga.

MUTUA: (anacheka) Pangani, Muthaiga, Allsops!

ACHIENG: Siku hizi nikipata toleo linalonifaa, naandika `sudo apt-mark hold qgis`. Haliguswi mpaka niseme `unhold`. Ila usilisahau hapo mwaka mzima, kwa sababu hata marekebisho ya kasoro yatakupita.

MUTUA: Mimi ninayemwonea huruma ni GDAL. Watu husifu QGIS kwa kufungua kila aina ya faili, kumbe aliye jikoni, anayesoma na kubadilisha hizo faili, ni GDAL. Ukisakinisha `gdal-bin` peke yake, unabadilisha faili bila kufungua dirisha lolote, hata kwenye sava isiyo na skrini. Kinachonisumbua ni `ogr2ogr`, amri yake mojawapo ya kubadilisha faili.

ACHIENG: Mpangilio?

MUTUA: Kinyumenyume! Faili inayotengenezwa inatangulia, ile uliyo nayo inafuata. Nenda kwa `gdal_translate`, ni kinyume cha hivyo. Nimebandika kikaratasi kando ya skrini: "Mtoto mbele, mzazi nyuma."

ACHIENG: Basi hicho kikaratasi kingetufaa kwenye ile kazi ya vibanda vya maji Mathare. Tulipewa faili ya zamani iliyopimwa kwa Arc 1960, mfumo wa ramani nyingi za zamani za Kenya. Mtu akaibandika lebo ya WGS 84, mfumo wa GPS. Nambari zinafanana, kwa hiyo programu haikulalamika. Lakini kila kibanda kilisogea kaskazini karibu mita 300. Viwili vikaingia mtoni.

MUTUA: Mita 300 Mathare ni kwa watu wengine kabisa.

ACHIENG: Na kwa macho huoni kitu. Nyumba zimebanana, nukta ikianguka popote inaonekana iko kwao. Bila ule mto tungewapelekea wenyewe hivyo hivyo. Dawa yake mstari mmoja: `ogr2ogr -s_srs EPSG:21037 -t_srs EPSG:4326 vipya.gpkg vya_zamani.shp`. Hiyo 21037 ni Arc 1960 ya ukanda wa 37 Kusini, ambamo Nairobi imo, na 4326 ni WGS 84. Na `-s_srs` inaiambia programu isiamini lebo iliyokuta.

MUTUA: Vipya mbele, vya zamani nyuma. Nimeona.

ACHIENG: Afadhali mita 300 kuliko kusahau alama ya kutoa. Latitudo ya Nairobi ni kama -1.29. Iandike bila ile kutoa, unajikuta karibu na Maralal.

MUTUA: Kwa nauli ya Pangani!