Mzee Anakuja Italia: Usimchagulie Chumba kwa Picha ya Bahari

Habari za nyumbani, ndugu zangu mnaotazama kutoka Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na kwingineko. Leo ninajibu swali linalonifikia mara kwa mara tangu nianze kurekodi hapa Genova: kijana anaishi Ulaya, amejichanga, anataka kumleta mama au baba apumzike siku chache katika vijiji vya pwani ya Italia, lakini hajui amlaze wapi. Jibu langu ni kwamba mzee atafutiwe kwanza mji tambarare wenye stesheni ya treni, na jengo lenye lifti. Mandhari ni jambo la pili, kwa kuwa mandhari anaweza kwenda kuyatazama mchana kisha akarudi kulala mahali ambapo magoti yake hayatamlaumu.

Vijiji mnavyoviona kwenye picha, vyenye nyumba za rangi ya waridi na manjano zilizobebana juu ya jabali, vimekaa hivyo kwa sababu milima ya mkoa wetu huu wa Liguria hushuka moja kwa moja hadi baharini, na wajenzi wa kale hawakuwa na uwanja wa kutandaza mji. Barabara nyingi za humo ni ngazi, magari hayaingii katikati, na sanduku hubebwa kwa mkono. Chukueni Cinque Terre, yaani vijiji vitano vya Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Corniglia iko juu ya mwamba, na anayeshuka kwenye treni hukutana na ngazi iitwayo Lardarina, yenye vidato zaidi ya 370, kabla hajaiona nyumba ya kwanza. Kuna basi dogo linalopandisha watu, ni kweli, lakini likiwa limejaa au limeshaondoka, mzee wa miaka sabini na tano atakaa stesheni akikutazama wewe uliyemleta.

Ndiyo maana siiamini hata kidogo ile sentensi ya matangazo isemayo kwamba nyumba iko mita 200 kutoka ufukweni. Ramani ya simu huonyesha umbali wa kwenda mbele, wala haikuambii kwamba mita hizo 200 ni za kupanda. Ukiona maneno «vista mare», yaani chumba kinachotazama bahari, jiulize chumba hicho kimefikaje huko juu hata kikaiona bahari yote.

Katika vijiji hivyo vitano, pa kulaza mzee ni Monterosso, hasa upande mpya uitwao Fegina, ambako stesheni, hoteli na ufukwe vimepangwa kando ya barabara moja iliyonyooka. Vernazza ninaipenda zaidi kwa uzuri, na mtaa wake mkuu unateremka taratibu kutoka stesheni hadi bandarini, kwa hiyo mzee anaweza kuutembea akanywa kahawa na kurudi. Vyumba vyake, hata hivyo, vingi viko juu ya ngazi nyembamba zenye giza. Mimi binafsi huwapeleka wageni wangu Levanto, mji ulio jirani kabisa na Monterosso kwa treni. Levanto ina bonde pana, hoteli za kawaida zenye lifti, na njia ya kutembea iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani, inayopita ndani ya mahandaki hadi Bonassola na Framura bila mwinuko wa kutaabisha. Sestri Levante nayo ni tambarare, imekaa kati ya ghuba mbili, na jioni utawakuta wazee wa Kiitaliano wamejaa kwenye mabenchi wakibishana. Liguria ni miongoni mwa mikoa ya Italia yenye wazee wengi zaidi, na kwa muda mrefu wazee wa Milano na Torino wamekuwa wakija huku kukimbia baridi, hivyo hoteli za miji hii haziwashangai wageni wanaotembea polepole.

Kusini, kwenye pwani ya Amalfi, watu wote hutaja Positano, mji ambao ni ngazi tupu. Laleni Maiori. Mafuriko ya Oktoba 1954 yaliharibu sehemu kubwa ya mji huo, na uliojengwa upya ukawa na barabara pana na majengo ya kisasa zaidi. Watu wa pwani hiyo wenye kupenda vya kale huuona hauna sura, lakini una ufukwe mrefu kuliko wote wa hapo na njia tambarare ya kutembea kando ya bahari. Katika miezi ya joto boti hutoka Salerno kwenda Amalfi na miji ya jirani, na boti humfaa mzee kuliko basi linalojipinda kwenye makorongo. Anayetaka utambarare mtupu, bila jabali lolote, aende upande wa Adriatiki, bahari ya mashariki mwa Italia: Cesenatico au Cervia, kwenye mchanga mpana na hoteli za kifamilia ambazo huuza chumba pamoja na milo yote mitatu. Picha zake hazitatikisa mtu mtandaoni, lakini mzee atapumzika.

Sasa lifti, maana hapa ndipo wengi hunaswa. Tangazo likisema kuna «ascensore», bado hujamaliza kuuliza. Katika majengo ya zamani ya pwani hii lifti nyingi zilipachikwa baadaye katikati ya ngazi, kwa hiyo mara nyingi hazianzii usawa wa barabara. Unapanda kwanza vidato sita au vinane ndipo uifikie. Ukishaifikia, unakuta milango miwili midogo ya kusukuma kwa mkono, na usipoifunga sawasawa haiondoki. Watu wawili wakiingia, sanduku hubaki nje likisubiri safari yake. Kwa hiyo mwandikie mwenye nyumba swali hili kama lilivyo: «Quanti gradini ci sono dalla strada alla camera?» Unamuuliza kuna vidato vingapi kutoka barabarani hadi chumbani. Asipotaja idadi, akakujibu kwamba ni vichache tu, mwombe arekodi video fupi kwa simu, kuanzia mahali teksi inaposimama hadi kitandani. Mwenye nyumba muungwana hurekodi, na asiyetaka kurekodi ameshakujibu.

Bafuni muulize kama kuna beseni la kuogea lenye ukingo mrefu, ambalo mzee hulivuka kwa hatari, au sakafu ya kawaida yenye bomba la juu na chuma cha kujishikia. Habari njema kwa wazee wetu, ambao safari nzima ya Ulaya huwatia wasiwasi juu ya maji ya chooni, ni kwamba sheria ya Italia ya mwaka 1975 huitaka kila nyumba iwe na bide, yaani beseni la chini lenye bomba la kujisafishia baada ya choo, kwa hiyo maji yapo. (Mama yangu alilisifu jambo hilo kuliko bahari yenyewe.)

Msizipuuze pia nyumba za wageni zinazoendeshwa na masista, ziitwazo «casa per ferie». Hupokea watu wa dini zote, ni safi, ni tulivu, bei yake ni ya kiasi, na nyingi zina lifti kwa sababu masista wenyewe wamezeeka. Mlango hufungwa mapema usiku na msalaba utakuwa ukutani. Mzungumze na mzee kabla ya kulipa.

Kuhusu majira, epukeni Agosti, kwani Waitaliano wenyewe huhamia pwani, bei hupanda na jua huchoma. Mwisho wa Mei, Juni mwanzoni na Septemba ndiyo miezi ya wazee. Baada ya Oktoba hoteli nyingi za Cinque Terre na Amalfi hufungwa.

Mwisho ni viza. Mzee anayetoka Kenya au Tanzania huombewa viza ya Schengen, na ubalozi hutaka uthibitisho wa malazi pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Ikiwa atalala kwako hapa Italia kwa siku kadhaa kabla ya kwenda pwani, ni lazima uwaarifu polisi ndani ya saa 48 kwamba umempokea. Hotelini kazi hiyo hufanywa na hoteli yenyewe. Na kwa kuwa viza huweza kuchelewa au kukataliwa, wekeni chumba kinachoweza kufutwa bila malipo hadi siku chache kabla ya safari, hata kama kinazidi kidogo kwa bei kile kisichorudisha fedha.