Kubaki koleji au kuingia NFL mapema: tuongee hela, goti na kalenda

(Mazungumzo na wazazi wanaoongea Kiswahili, Columbus, Ohio)

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Wakubwa zangu shikamooni, vijana mambo vipi. Nimepewa nusu saa na harufu ya pilau ishafika hapa mbele, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Tunaongelea hawa vijana wetu wanaocheza futiboli ya Kimarekani, wako koleji mwaka wa tatu, ikifika Desemba simu zinaanza, wakala anapiga, kocha anapiga, mjomba wa Minnesota ambaye hajawahi kuangalia hata mechi moja nae anapiga, huyu anasema dogo aende NFL, yani ligi kuu ya kulipwa, yule anasema dogo abaki. Na wazazi wengi hapa tumekulia kwenye kabumbu, kule mtoto wa miaka kumi na nane akipata timu anasaini kesho yake, basi. Huku si hivyo kabisa. Mi msimamo wangu nauweka mapema ili mkinikatalia mnikatalie vizuri: huu uamuzi hauhusu kipaji na wala hauhusu mapenzi ya chuo, ni bei na muda. Mwili wa kijana una kalenda yake, soko lina kalenda yake, na hizo kalenda kazipanga mtu mwingine. Mengine yote kelele.

Tuanze na sheria. NFL haimgusi mchezaji mpaka ipite miaka mitatu tangu wenzake wa darasa lake wamalize sekondari. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, ulitakiwa umalize miaka yako yote ya koleji. Mwaka 1989 Barry Sanders wa Oklahoma State aliruhusiwa kutoka akiwa mwaka wa tatu kwa sababu chuo chake kilikuwa na adhabu, na 1990 ligi ikafungua mlango kwa wote, kina Emmitt Smith na Junior Seau wakapita hapo.

Sa huo mlango kuna mtu wa hapa hapa Ohio aliujaribu kuuvunja. Maurice Clarett, mtoto wa Youngstown, mwaka wake wa kwanza kabisa 2002 aliibeba Ohio State mpaka fainali wakakipiga chuo cha Miami Januari 2003, wenye umri wangu mnakumbuka mji huu ulivyokuwa usiku ule. Msimu uliofuata akasimamishwa, hakucheza hata dakika, akaenda mahakamani adai aingie drafti ya 2004, yani pale timu za NFL zinapochagua vijana kwa zamu, raundi ya kwanza mpaka ya saba, na namba ya kijana ni zamu aliyochaguliwa. Jaji Shira Scheindlin wa New York akampa ushindi mwezi wa pili, mwezi wa tano mahakama ya rufaa ikaufuta, na hukumu hiyo iliandikwa na Sonia Sotomayor, huyu huyu ambaye leo yuko Mahakama ya Juu. Hoja yake ukiisoma ni baridi kabisa: masharti ya kuingia kazini ni jambo ambalo waajiri na chama cha wafanyakazi wanaweza kukubaliana, na anayetaka kazi hiyo anabanwa nayo hata kama bado hajawa mwanachama. Yani wachezaji waliomo ndani, ambao wanagombea nafasi zile zile na mwanao, ndio wenye chama kinachokubaliana na ligi mwanao aingie lini. Hilo likae kichwani.

Clarett akaja kuchukuliwa na timu ya Denver 2005, raundi ya tatu, namba 101, wakamwacha kabla msimu haujaanza, hakuwahi kucheza mechi ya ligi, na 2006 akaingia jela. Lakini anayeniuma zaidi ni Mike Williams, risiva (mpokea pasi) wa chuo cha USC, ambaye alisikia ule ushindi wa kwanza, akaamini, akachukua wakala, rufaa ilipogeuka koleji ikamkatalia kurudi, akakaa mwaka mzima bila timu. Ndio maana nawaambia wazazi, karatasi ya wakala haisainiwi jikoni usiku kwa furaha.

Hiyo miaka mitatu kuna watu imewagharimu mwili. Marcus Lattimore wa South Carolina, raningi beki, yule anayebeba mpira na kukimbia nao, mwaka wake wa kwanza 2010 alikuwa moto, kila mtu aliona huyu ni wa NFL. Hana ruhusa. Oktoba 2011 goti la kushoto, Oktoba 2012 goti la kulia, lile la pili hata kuliangalia kwenye video sikushauri. San Francisco wakamchukua raundi ya nne 2013, akapambana na mazoezi, akastaafu 2014 bila kucheza mechi hata moja. Kwa hiyo kama mwanao ni raningi beki, mimi sina mjadala, siku ligi ikimruhusu na raundi ni nzuri aondoke, kwa sababu nafasi ile kila mechi anapigwa mara ishirini na kitu na timu za NFL zinamuona mzee akifika miaka ishirini na saba. Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Montreal, alicheza Michigan, na 1995 alikimbia yadi 313 dhidi ya Ohio State (najua, najua, samahani, Michigan ni wapinzani wetu, jina lao mjini hapa halitamkwi kwa sauti) na hakusubiri mwaka mwingine, akaingia drafti ya 1996 akachukuliwa namba nane. Majeraha yakaja baadae akiwa huko huko, ila yalimkuta ameshasaini.

Hela sasa.

Sam Bradford, kwotabeki (mrusha mpira) wa chuo cha Oklahoma, alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa koleji, 2008 akaamua kubaki, 2009 bega likaumia mechi ya kwanza, likaumia tena, watu wakasema kajiharibia. Drafti ya 2010 akachukuliwa wa kwanza na timu ya Rams, mkataba wa miaka sita dola milioni 78, ndani yake milioni 50 za uhakika. Mwaka uliofuata 2011 ligi na chama wakasaini makubaliano mapya, mishahara ya wanaoingia ikafungwa kwenye ngazi, yani viwango vinavyofuata namba uliyochaguliwa, na Cam Newton, nae wa kwanza vile vile, akapata milioni 22 miaka minne. Namba moja wote wawili, wamepishana mwaka mmoja. Jake Locker wa chuo cha Washington alikuwa anatajwa juu kabisa kwa drafti ya 2010, akabaki, akaingia 2011 namba nane kwenye ngazi mpya. Kijana alifanya uamuzi wa heshima, akalipishwa na mkataba ambao hakuwepo ulipojadiliwa.

Toka hapo hesabu ikabadilika, mkataba wa kwanza sio utajiri tena, utajiri ni mkataba wa pili. Ukiingia na miaka 21, miaka minne ikiisha una 25, unajadiliana ukiwa na nguvu zako. Ukiingia na 24, unajadiliana una 28. Ndio maana baada ya 2011 vijana walikuwa wanatoka kwa mafungu hata wale ambao hawakuwa tayari, kila mmoja anataka muda wake uanze kuhesabiwa, kubaki koleji kulikuwa ni kuumia bure.

Alafu Julai 2021 koleji zikaruhusu wachezaji kulipwa kwa jina na sura zao, ile wanaita NIL, na kuanzia Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa moja kwa moja, kiwango cha juu kwa mwaka ule wa kwanza kikiwa kama milioni 20 na nusu kwa michezo yote. Matokeo mnayaona kwa macho: wasiomaliza koleji walioomba kuingia drafti ya 2021 walikuwa 98, ya 2024 wakawa 54. Ikumbukwe corona nayo iliwapa watu mwaka wa ziada, lakini hela ndio imefanya kazi kubwa hapo.

Mfano mnao mlangoni. Januari 2024 Marvin Harrison Jr. aliondoka Ohio State, akachukuliwa namba nne na timu ya Arizona, safi, hakuna wa kumlaumu. Wenzake kina Emeka Egbuka, TreVeyon Henderson, JT Tuimoloau, Jack Sawyer, Denzel Burke wakabaki, na chuo kilisema wazi kikosi kile kiligharimu kama milioni 20. Januari 2025 wakawa mabingwa, Notre Dame 34 kwa 23. Mtaani hapa stori inaishia hapo, walibaki wakashinda, hongera. Mi naomba tuendelee mpaka Aprili. Egbuka raundi ya kwanza namba 19, Henderson na Tuimoloau raundi ya pili, Sawyer raundi ya nne, Burke raundi ya tano. Burke kuna kipindi alikuwa anatajwa raundi ya kwanza. Sasa je walikosea? Simlilii mtu aliyelipwa akapata na pete ya ubingwa, ila msimwambie mwanenu kwamba kubaki kunapandisha bei, kunaweza kupandisha na kunaweza kushusha, kama gunia la mahindi tu, bei inategemea na nani mwingine kaleta sokoni wiki hiyo. Matt Leinart wa USC 2005 angeweza kuwa wa kwanza, akabaki, muhula wake wa mwisho somo lilikuwa moja tu, dansi, drafti iliyofuata akashuka mpaka namba kumi. Andrew Luck wa Stanford nae alibaki, 2012 akachukuliwa wa kwanza kama kawaida.

Mwangalie na Cam Ward, kwotabeki, huyu nampenda. Januari 2024 alitangaza anaingia drafti, haikupita wiki mbili akageuza akaenda chuo cha Miami, 2025 akawa namba moja wa drafti nzima, timu ya Tennessee, mkataba wa karibu milioni 49. Quinn Ewers, kwotabeki mwenzake, kinyume chake. Mnamkumbuka, aliruka mwaka wa mwisho wa sekondari 2021 akaja hapa Columbus kwa sababu ya hela za NIL, akaenda Texas, na baada ya msimu wa 2024 zikasikika habari kwamba kuna vyuo viko tayari kumlipa mamilioni abaki mwaka mmoja. Akaingia drafti. Raundi ya saba, namba 231. Bonasi ya kusaini ya kule chini ni laki moja na kitu ya dola, iliyobaki unaipata ukiwa bado umo kikosini. Kwa hiyo kwa leo, mtu wa raundi ya tano mpaka ya saba, hasa kwotabeki, mara nyingi analipwa zaidi akibaki. Ila kubaki nako sio godoro. Drew Allar wa Penn State alibaki kwa 2025, Oktoba akavunjika kifundo cha mguu, msimu umeisha, na kesho yake kocha wake akafukuzwa.

Utajuaje raundi ya mwanao? NFL ina kamati ya ushauri, chuo kinaomba kwa niaba yake, majibu ni matatu tu: raundi ya kwanza, raundi ya pili, au rudi shule. Hiyo ya tatu vijana wengi wanaificha hata mama zao hawaoni. Mzazi, omba uone karatasi. Kocha ana mapenzi nae lakini kocha anataka kushinda Septemba, na wakala wa NFL anakula asilimia ya mkataba dogo akiondoka. Sisemi ni waongo, nasema jueni nani analipwa na jibu gani. Na akishapita tarehe ya kujitoa katikati ya Januari, asipochaguliwa hakuna kurudi koleji.

Mawili ya haraka kabla ya pilau. Bima ipo, Jaylon Smith wa Notre Dame aliumia goti Januari 1, 2016 kwenye mechi yake ya mwisho, alikuwa wa juu kabisa akashuka mpaka namba 34, bima ikamlipa kama laki tisa za dola. Sio hasara yote, ila ni kitu. Soma masharti, sio kila jeraha linalipwa. Na kodi, hizi hela za NIL mara nyingi zinakuja bila kukatwa, dogo anaona laki mbili benki ananunua gari, Aprili serikali inakuja.

La mwisho ni letu sisi na halizungumzwi huko kwenye televisheni. Kama mwanao yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi, F-1, hesabu zote nilizofanya za kubaki zinabadilika kwa sababu viza ile inambana kufanya kazi, mkataba wa NIL unaweza kumharibia makaratasi. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, najua ni basketi, mnivumilie, alikuwa mchezaji bora wa koleji nchi nzima 2022 akiwa Kentucky, na dili zake ikabidi azifanyie Bahamas timu ilipoenda ziara, nje ya Marekani. Akabaki mwaka mwingine, 2023 hakuchaguliwa na timu yoyote, akaanzia mkataba mdogo Indiana. Kwa hiyo mwenye kadi ya kijani na mwenye F-1 wanaweza kuwa timu moja, nafasi moja, raundi moja, na jibu la mmoja likawa baki na la mwingine likawa ondoka. Mwanasheria wa uhamiaji kwanza, wakala baadae.

Haya, maswali. Naona mama Neema kanyoosha mkono toka nilipomtaja wakala, tuanze na yeye.