Ekspoti Inaganda, DVD Haisomi Kwenye Deki: Tutafute Imegomea Wapi

Haya karibuni tena ndugu zangu, mlioko Kampala, Jinja, Mbale, Arua na kwingine kote. Leo kaa na mimi kidogo maana hili swali naulizwa karibu kila wikendi. Mtu amepiga video ya kwanjula nzima, ile sherehe ya binti kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ame-edit siku nne halali vizuri, sa anaekspoti inafika asilimia 63 inaganda. Ama inaisha vizuri kabisa alafu diski ikifika kwa mzee kijijini deki inaitema. Na mzee hataki linki, bando ya kupakua masaa matatu nani atamlipia, yeye anataka diski aiweke awaone watu wake.

Kabla hujagusa mausi shika hili: hapa kuna kazi tatu. Kuna kutoa video kwenye programu ya kuedit, kuna kuitengeneza iwe DVD yenye menyu na chapta, alafu kuna kuchoma, yaani kuiandika kwenye diski. Wengi mnabonyeza kitufe kimoja programu ifanye zote, ikigoma hujui imegomea wapi unaanza kununua diski za aina nyingine. Zitenganishe. Ukimaliza moja, ijaribu, ndo uingie nyingine.

Tuanze na ekspoti. Iendeshe mara mbili na uandike inapoganda. Ikiganda palepale kila mara, shida iko kwenye taimulaini, pale ulipopanga klipu zako. Nenda hiyo dakika, angalia kuna nini pale, klipu ya simu, picha kubwa sana, efekti uliyodownload juzi, ondoa kimoja kimoja. Usiekspoti kazi nzima kujaribu, weka alama mwanzo na mwisho utoe dakika mbili tu za hapo. Ikipita, umempata mwizi.

Ikiganda leo hapa kesho pale, hapo angalia mashine. Laptopu imepata moto? Diski C imebaki na nafasi? Hizi programu zinajaza faili za muda kimyakimya, futa kashe upate nafasi. Kama unaedit kwa programu ya Premiere, ingia File, Project Settings, General, alafu pale kwenye Renderer chagua Software Only. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini ikimaliza bila kuganda basi ujue shida ni kadi ya grafiki ama draiva yake, nenda ukaisasishe.

Alafu kuna hii ya faili kufa ikikaribia GB 4. Unaitoa kwenye hard disk ya nje ama flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, hata kama kuna nafasi ya GB 500. Hamisha kila kitu kilichomo kwanza, nasema kila kitu, alafu ifomati iwe exFAT ama NTFS.

Sauti kuachana na mdomo, mwanzo sawa lakini ukifika hotuba mtu anaongea kama redio ya jirani? Mara nyingi hiyo ni klipu ya simu. Simu inabadilisha idadi ya fremu yenyewe, gizani inapunguza. Ipitishe kwenye programu ya HandBrake kabla ya kuedit, ni ya bure, kwenye Video weka 25 alafu chagua Constant Framerate.

Sa tuingie DVD, na hapa msikimbie. Uganda tunatumia mfumo wa TV wa PAL, kwa hiyo video iwe ya aina ya MPEG-2, ukubwa 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, sauti 48,000 Hz. Ukiacha mipangilio ya Marekani ya 720 kwa 480, watu wakicheza ngoma, picha inaruka ruka.

Na hesabu, wengi mnaikwepa lakini ndo inaharibu kazi. Diski ya kawaida ni GB 4.7, kompyuta itakuonyesha kama 4.37, usishtuke haujaibiwa, inahesabu kwa 1,024. Chukua 37,600, ndo hizo GB 4.7 kwa megabiti, gawanya kwa sekunde za video yako. Masaa 2 ni sekunde 7,200, unapata megabiti 5.2 kwa sekunde. Toa za sauti na menyu, weka 4.8. Masaa 3 inashuka hadi 3.5 hivi hata kabla ya kutoa za sauti, na zile gomesi, nguo za kina mama za kung'aa, watu wakianza kucheza ngoma, picha inapasuka vipande, mimi hapo nagawa diski mbili. Na kama video ni dakika 40 usiseme nafasi ipo ngoja nijaze, DVD mwisho wake ni megabiti 9.8 kwa sekunde kwa video, na deki nyingi za zamani zinakwama kabla. Mimi sipiti 8.

Nafungua DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD, nayo ni ya bure. Naweka video, menyu, chapta, lakini ikifika mwisho sichagui kuchoma, nachagua itengeneze faili ya ISO, yaani DVD nzima ndani ya faili moja. Kwenye hilo dirisha angalia folda ya muda, iwe na nafasi hata GB 10, na majina ya folda yawe mafupi bila alama za ajabu. Ikimaliza fungua hiyo ISO kwa VLC, bonyeza kila kitufe cha menyu, ruka kila chapta. Ikikwama hapa, hujapoteza diski hata moja.

Kuchoma natumia programu ya ImgBurn, spidi 4 ama 8 hata kama diski imeandikwa 16, na tiki ya Verify naiacha ikiwa imewekwa ili ikague diski ikimaliza. Stima ikikatika katikati hiyo diski imekufa, so laptopu iwe na chaji ama UPS.

Alafu ijaribu kwenye deki ya kweli, sio laptopu iliyoichoma. Niliwahi kumpa mama mmoja wa Masaka diski ya kwanjula ya binti yake, nimechoma kwa haraka spidi ya juu, sikuijaribu. Aliita majirani wakaketi, ikakatika baba yake alipoanza kuongea, na yule mzee alikuwa ameshafariki. Na projekti nilikuwa nimeshaifuta. Bado naumia. Kwa hiyo ruka hadi hotuba za wazee, na dakika 10 za mwisho, ukingo wa nje wa diski ndo unaharibika kwanza.

Ikipita, andika jina kwa maka laini upande wa juu, usibandike stika ya karatasi, inavutavuta diski ikizunguka. Na ile ISO iweke kwenye hard disk ya nje na tarehe ya sherehe, ssenga, yaani shangazi wa binti, atakupigia mwaka ujao anataka kopi mbili.